Nguzo za shemeji, na kwa nini neoklasiki sio "sanaa ya kale"

Shemeji yangu anajenga Kibaha, nyumba imefika kwenye lenta. Wiki iliyopita akatupia kwenye grupu la familia picha ya kibaraza anachokitaka, nguzo nne nene nyeupe na pembetatu juu yake, akaandika tu "kama Ikulu ya Marekani". Hapo ndo vita ikaanza. Mmoja akasema hizo ni nguzo za Kirumi, mwingine akasema hapana hiyo ni Renesansi si unaona zinafanana na zile sanamu nyeupe, mjomba ambaye huwa hachangii kitu zaidi ya salamu za Ijumaa akaandika kwamba huo ni ukoloni mtupu, na binti mmoja wa chuo akasema inaitwa neoklasiki halafu akapotea bila kueleza.

Na sio sisi tu tuliochanganyikiwa. Desemba 2020 Trump alisaini amri kwamba majengo mapya ya serikali kuu ya Marekani yapewe sura ya klasiki kwanza, Februari 2021 Biden akaifuta, Agosti 2025 Trump akaja na nyingine ya aina hiyohiyo. Watu wazima wanagombana kuhusu nguzo. Nikaona bora nikae chini niandike, maana kwenye lile grupu kila mtu alikuwa ameshika kipande cha ukweli, hata mjomba.

Tuanze na maneno yenyewe. Klasiki kwenye habari za sanaa ina maana moja, vitu vya Wagiriki na Warumi wa kale, mahekalu yao, sanamu zao, hadithi zao. Neo ni Kigiriki, maana yake mpya. Kwahiyo neoklasiki ni watu waliozaliwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya dola la Roma ya magharibi kuanguka, wakaamua kuchora na kuchonga na kujenga kama vile Warumi walikuwa babu zao wa juzi. Kwa hesabu ya juujuu ni kuanzia miaka ya 1750 mpaka 1830 hivi, kitovu chake Roma na Paris, halafu London, Berlin, Washington na kwingine.

Fikiria suruali za bugaluu. Baba alizivaa miaka ya sabini kwa sababu kila kijana wa mjini alikuwa nazo. Mtoto wa miaka ishirini akizivaa leo hajawa mtu wa sabini, yeye amechagua, amepita jinzi nyingine zote dukani akaokota hiyo kwa sababu kuna kitu anataka tumuone nacho. Neoklasiki ndo hivyohivyo. Mgiriki wa kale alisimamisha nguzo kwa sababu ndivyo hekalu lilivyojengwa kwao, ila Mfaransa wa 1780 akisimamisha nguzo kuna ujumbe, na ujumbe huo mara nyingi unamhusu jirani yake au mfalme wake kuliko unavyomhusu Mgiriki.

Sasa Renesansi inaingiaje hapo? Wale nao walifufua Ugiriki na Roma, ni kweli, lakini ilikuwa Italia karne ya 15 na ya 16, na kanisa lilikuwa mteja mkubwa sana, ndo maana hata lile jitu uchi la Michelangelo la 1504 ni Daudi wa kwenye Biblia japo amesimama kama mungu wa Kigiriki. Neoklasiki inakuja miaka 250 baadaye, na inakuja na hasira. Hasira na nini? Na Rokoko.

Rokoko ilikuwa staili ya mabwanyenye wa Ufaransa enzi za mfalme Louis wa 15, rangi za pinki na bluu ya mawingu, vitoto vyenye mabawa, dhahabu iliyojikunja kila kona. Kuna picha ya Fragonard ya mwaka 1767 hivi, mwanamke yuko kwenye bembea na gauni lake la pinki, kiatu kimoja kimechomoka kinaruka hewani, nyuma mzee anavuta kamba gizani na mbele kijana amejilaza vichakani anachungulia chini ya gauni. Kwa mkono wa mchoraji ni picha kali sana, sitadanganya, majani yale mpaka unasikia upepo. Ila ukiishi na hivyo vitu kila ukuta kwa miaka arobaini ni kama kuishi kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, maua ya plastiki kwenye kila meza na pazia zenye pindo za dhahabu. Mwandishi Diderot, aliyekuwa anaandika kuhusu maonyesho ya sanaa ya Paris, alimlalamikia Boucher, bingwa mwingine wa Rokoko, kwamba ana kila kitu isipokuwa ukweli. Wasomi na watu wa tabaka la kati walianza kuiona ile pinki kama sura ya watawala wanaokula raha wakati nchi inadaiwa. Wakataka mtu aingie, avue vitambaa vyote, abakize kiti kimoja cha mbao na ukuta mtupu.

Na kwa bahati ardhi ikawapa walichokitaka. Mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilikuwa imeifukia miji miwili karibu na Napoli, na uchimbaji ukaanza Herculaneum 1738 na Pompeii 1748. Mpaka hapo Roma ya kale ilijulikana zaidi kwa magofu ya mahekalu na viwanja vya michezo, yaani vitu vya serikali, lakini sasa zikatoka nyumba za watu, taa, majiko, mikate iliyoungua, kuta zenye michoro. Ni tofauti ya kumjua mtu kwa kaburi lake na kuingia chumbani kwake. Vijana matajiri wa Kiingereza wakawa wanatumwa Italia miezi au miaka kabisa kumalizia elimu, wanarudi na vyungu na sanamu na madeni.

Halafu akatokea Johann Joachim Winckelmann, mtoto wa fundi viatu wa Kijerumani, aliyeandika mwaka 1755 kwamba njia ya sisi kuwa wakubwa ni kuwaiga Wagiriki, na kwamba sanaa yao ina usahili wenye heshima na ukuu uliotulia. Maneno hayo yakageuka sala ya Ulaya nzima. Sasa cheka kidogo: Winckelmann hakuwahi kukanyaga Ugiriki hata siku moja, na sanamu nyingi alizoziona Roma akazisifu kama za Kigiriki zilikuwa kopi zilizochongwa na Warumi. Kwahiyo neoklasiki kwa kiasi kikubwa ni watu walioiga kopi.

Hapa ndo nafika kwenye uongo mkubwa kuliko wote, ule wa weupe. Watu wengi ukiwaambia sanamu ya Kigiriki wanaona marumaru nyeupe pee, na wachongaji wa neoklasiki kama Canova wakachonga hivyo, nyeupe, laini, mpaka unahisi ukigusa shavu litabonyea. Kumbe Wagiriki na Warumi walipaka rangi! Nywele, midomo, macho, nguo zenye mapambo ya nyekundu na bluu na njano, hekalu nalo lilikuwa na rangi zake. Rangi ilibanduka kwa mvua na udongo na karne, na nyingine ilisuguliwa na hao hao walioipenda, kwa mfano miaka ya 1930 sanamu za Parthenon, lile hekalu la Athens, zilizoko London zilikwanguliwa ndani ya British Museum kwa vifaa vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Tangu 2003 kuna maonyesho yaliyoanzia Munich ya kopi zilizopakwa upya kwa kufuata mabaki ya rangi, na mtu akiziona mara ya kwanza anashtuka, zinafanana zaidi na meli ya uvuvi iliyopakwa upya kuliko na makumbusho.

Ingekuwa kosa la macho tu lisingekuwa na neno. Ila Winckelmann kwenye kitabu chake cha 1764 aliandika kwamba mwili mzuri unazidi uzuri kadiri unavyokuwa mweupe, kwa sababu nyeupe ndo inayorudisha mwanga zaidi. Kitabu kilikuwa cha historia ya sanaa, sawa, lakini hiyo ilikuwa karne ya biashara ya watumwa ikiwa imepamba moto, na walikuja watu baadaye wakaichukua hiyo sentensi wakaipeleka kwenye ngozi za binadamu. Mjomba, hapo nakupa pointi.

Sasa twende kwa mtu mwenyewe. Ukimwelewa Jacques-Louis David umeielewa neoklasiki karibu yote. Alizaliwa Paris 1748, akafeli mara kadhaa shindano la kupelekwa kusoma Roma, mara moja akajaribu mpaka kujiua kwa njaa, akashinda 1774. Mwaka 1784 akarudi tena Roma kuchora picha aliyoagizwa na serikali ya mfalme, inaitwa Kiapo cha Horatii, na ina urefu wa mita 4 na ushee ukutani.

Hadithi yake ni ya kifamilia kabisa. Roma na mji jirani wa Alba Longa wamegombana, wanakubaliana badala ya vita nzima kila upande utoe ndugu watatu wapigane. Roma wanatoa watoto wa Horatii, kule wanatoa watoto wa Curiatii. Shida ni kwamba hizo familia mbili zimeoana, dada wa Horatii ni mchumba wa kijana wa Curiatii na mke wa mmoja wa Horatii ni dada yao Curiatii. Yaani ni mashemeji wanaenda kuuana. David anatuonyesha ukumbi mtupu, matao matatu nyuma, nguzo nene zisizo na pambo lolote. Kushoto vijana watatu wamenyoosha mikono kama mstari mmoja, katikati baba amevaa joho jekundu ameinua panga tatu, kulia wanawake wamelegea kwenye viti wanalia, na nyuma yao bibi amewakumbatia watoto wadogo huku mtoto mmoja anachungulia kupitia vidole vya huyo bibi. Hamna kitoto chenye mabawa. Hamna pinki. Wanaume wote ni mistari iliyonyooka, wanawake wote ni mikunjo, hata kama humjui Horatii hata mmoja unajua nani anaenda kufa na nani atabaki kuosha maiti.

Na mwisho wa hadithi ni mbaya zaidi, anarudi kijana mmoja tu wa Horatii, anamkuta dada yake analia mchumba wake aliyeuawa, anamuua naye.

Watu husema hii ni picha ya Mapinduzi ya Ufaransa, na utaikuta kwenye video nyingi za mtandaoni zikisema David alichora kumpindua mfalme. Hapana bwana, mfalme ndiye aliyeagiza! Ilionyeshwa Paris 1785, miaka minne kabla ya mapinduzi, na maofisa wa mfalme walitaka picha za namna hiyo, za wajibu na nidhamu, wakidhani zitawafundisha raia uzalendo. Zikawafundisha kweli, ila uzalendo ukaenda upande mwingine. Mwaka 1793 David mwenyewe akiwa mbunge alipiga kura mfalme Louis wa 16 auawe.

Mwaka huohuo, Julai 13, rafiki yake Marat, mwandishi wa gazeti la kimapinduzi, alichomwa kisu na Charlotte Corday akiwa kwenye beseni la kuogea, maana alikuwa na ugonjwa wa ngozi unaomfanya akae majini muda mrefu. David akachora ile maiti. Mkono umening'inia chini na kalamu bado iko vidoleni, mkono mwingine umeshika barua ya muuaji, kisu sakafuni, pembeni boksi la mbao alilokuwa anatumia kama meza, na juu ya boksi ameandika "Kwa Marat, David" kwa Kifaransa. Nusu nzima ya juu ya picha hamna kitu, ni giza la rangi ya kahawia tu. Ngozi ameisafisha, ugonjwa huuoni, mtu wa siasa anayependwa na nusu ya mji na kuchukiwa na nusu nyingine amelazwa kama Yesu akishushwa msalabani. Kama umewahi kuona mabango ya msiba wa mwanasiasa jinsi picha inavyochaguliwa, unaelewa kazi iliyofanyika hapo.

Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, alipoanguka 1794 David akafungwa. Mke wake alikuwa ameshamuacha kwa sababu ya ile kura, ila alikuja kumuona gerezani na baadaye wakaoana tena. Picha kubwa iliyofuata, ya 1799, ni ya wanawake wa Sabini, watu wa jirani na Roma ya kale, walioingia katikati ya mapigano ya baba zao na waume zao wakiwa wamebeba watoto wachanga ili vita isimame. Mimi huwa naziweka hizo picha mbili kichwani pamoja, kwenye Horatii wanawake wako kona wanalia, miaka 15 baadaye mtu yuleyule amewaleta katikati na wanaume ndo wanasubiri. Staili bado ni ya kale, ila safari hii wapiganaji wakuu wawili wako uchi.

Halafu akaja Napoleon na David akahamia huko. Ile picha ya Napoleon juu ya farasi aliyesimama miguu miwili akivuka Alps mnaijua wote, ipo hadi kwenye fulana. Ukweli ni kwamba Mei 1800 alivuka kwa nyumbu, na wala hakukaa David amchore. Angalia mawe ya chini kushoto, kuna majina yamechongwa, Bonaparte, na wawili waliovuka Alps na majeshi kabla yake, Charlemagne na Hannibal, huyu Hannibal alikuwa mtu wa Carthage, Tunisia ya leo. Kwenye picha ya kutawazwa kwake 1804, yenye upana wa karibu mita 10, mama yake Napoleon amekaa katikati anatabasamu wakati siku hiyo alikuwa Italia, hakuja. David alifia Brussels 1825 akiwa uhamishoni, baada ya wafalme kurudi.

Mfalme, mapinduzi, kaizari, wote walipita dukani kwa fundi mmoja na wote akawashonea kanzu ya Kirumi, ikawakaa. Na Marekani ikaja kununua pia. Jefferson, aliyekuja kuwa rais baadaye, alipopewa kazi ya kufikiria jengo la bunge la jimbo la Virginia miaka ya 1780 alichukua hekalu la Kirumi lililoko Nîmes kusini mwa Ufaransa akasema tujenge hilo. Jamhuri changa inayotaka ionekane haikuzaliwa jana. Wakati huohuo Jefferson anamiliki mamia ya watumwa, na majengo yale ya Washington, Ikulu ikiwemo, watumwa walifanya kazi kwenye ujenzi wake. Saa nyingine kanzu ilikataa, mwaka 1841 walipeleka bungeni sanamu ya George Washington amekaa kifua wazi na shuka kiunoni kama Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, watu wakamcheka rais wao wa kwanza kwamba anafanana na mtu aliyetoka kuoga.

Ila nisiwaache mkidhani neoklasiki ilikuwa mali ya wakubwa tu. Jean-Baptiste Belley alikuwa mtumwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, akapata uhuru wake, akachaguliwa mbunge akaingia Paris mapema 1794, na tarehe 4 Februari bunge likafuta utumwa kwenye makoloni. Mwanafunzi wa David anaitwa Girodet akamchora 1797, Mweusi amevaa sare ya bunge na mshipi wa rangi tatu, ameegemea kwa raha zake sanamu ya marumaru nyeupe ya Raynal aliyeandika kupinga utumwa. Kwa mara moja ile marumaru imekuwa kiti cha kuegemea. Mwaka 1800 mwanafunzi mwingine wa David, Marie-Guillemine Benoist, akaonyesha picha ya mwanamke Mweusi amekaa ametulia, kilemba cheupe, nguo nyeupe imeshuka bega moja kama za miungu wa kike wa kale, anakutazama wewe usoni. Jina la picha halikuwa jina lake, lilikuwa neno la rangi yake tu. Miaka miwili baadaye Napoleon akarudisha utumwa, Belley akakamatwa akafia kizuizini 1805, na yule mwanamke akakaa ukutani miaka zaidi ya 200 bila jina mpaka maonyesho ya Paris ya 2019 yalipoiita picha hiyo kwa jina lake, Madeleine. Alitoka Guadeloupe, alikuwa mtumishi kwa shemeji yake mchoraji.

Turudi kwenye ukoloni wa mjomba. Ukiwa Nairobi pita Banda Street, pembeni ya msikiti wa Jamia, utaona maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, nguzo za mawe mbele, ngazi, simba wawili wamekaa. Ilikuwa ya Wazungu tu, Waafrika wakafunguliwa mlango 1958. Wagiriki hawakuwahi kuagiza hivyo, lakini walowezi walijua wanachonunua, nguzo zinakwambia hapa ni mahali pa elimu na zinakwambia pia ni ya nani.

Jumamosi nikaenda Kibaha kwa shemeji. Nikamueleza kwamba Ikulu anayoiga ilichorwa na James Hoban, mtu wa Ireland aliyeiga jumba moja la Dublin, ambalo lenyewe linaiga Italia, ambayo iliiga Roma, ambayo iliiga Ugiriki, na kwamba zile nguzo za mbele anazozipenda hazikuwepo mwanzoni, zimekamilika kama 1830. Akasema sawa, kwahiyo na mimi ni wa ngapi kwenye foleni.

Nikamgeukia fundi aliyekuwa anapanga kalibu. Kuna padri wa Kifaransa, Laugier, aliandika 1753 kwamba ujenzi wote mzuri umetoka kwenye kibanda cha kwanza cha miti, magogo manne yamesimama, magogo yamelazwa juu, paa la mgongo, basi, na nguzo isiyobeba paa ni uongo. Nikamuuliza, fundi, hizi nne zitabeba nini?

"Hazibebi kitu kaka, mzigo wote uko kwenye bimu," akajibu bila kuinua kichwa. "Hii ya kona ndani tunapitisha bomba la maji ya mvua."